Aliyehifadhi Bila Kusoma

Karatasi zote mezani kwake zililala kifudifudi. Ukiingia ofisini kwake, pale Muleba mjini, ulichokiona kwanza ni migongo ya karatasi, mitupu, kila mmoja na namba ndogo ya penseli pembeni. Mara ya kwanza nilidhani hazijaandikwa. Nikavuta moja ili nijaribie kalamu. Alinipiga mkononi, si kwa kuniumiza, bali kama mtu anayefukuza inzi kwenye chakula.

"Hiyo ina mwenyewe," alisema.

Ofisi nzima walimwita Mama Masjala, nami nitamwita hivyo hivyo. Ofisi yenyewe ilishughulika na wajane na yatima, katika miaka ile ambayo nyumba nyingi za Muleba zilibaki na bibi na wajukuu tu, na mtu akikohoa kanisani watu walitazama chini. Kila jalada la kila familia lilipita mikononi mwake. Alijua jalada lipi liko rafu ipi bila kufungua daftari. Kilichokuwa ndani ya jalada hakukijua, na hilo alilisema kwa fahari: "Mimi nahifadhi, sisomi."

Alikuwa na miwani mizito ya kusomea. Watu wengine huvaa miwani wakiingia kazini. Yeye aliivua. Aliikunja mlangoni, akaitia kwenye mkoba, akakaa nayo mbali hadi jioni, ili hata jicho likiteleza lisiokote kitu. Nje ya ofisi aliivaa, akasoma kila kibao cha duka na kila tangazo la msiba lililobandikwa kwenye nguzo.

Tulijuana kupitia taipureta. Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa; nilikwenda kutazama meli ikipakua mizigo Bukoba na sikurudi darasani. Nikawa mpagazi, nikawa utingo, msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, nikauza senene, kisha nikaangukia duka la mzee mmoja wa Kihindi, wa mwisho wa ukoo wake kubaki mjini, aliyetengeneza redio na chochote chenye waya au springi. Mzee huyo aliniona nimesimama dirishani siku tatu mfululizo, akaniambia kama nina muda wa kutazama basi nina muda wa kushika koleo.

Mama Masjala alileta taipureta ya ofisi kwa basi, ameipakata mapajani kama mtoto, akakaa kwenye stuli kusubiri hadi iwe tayari. Nilipobadilisha utepe, alinyoosha mkono.

"Nipe ule wa zamani."

"Umekwisha huu, mama. Hauna kazi."

"Nipe."

Nilikuwa nimeshauvuta kipande na kuuinua kwenye mwanga. Utepe wa aina ile huacha alama ya kila herufi iliyogongwa, nami nilikuwa nimeshaanza kuunganisha maneno. Aliona.

"Wewe kijana una macho ya mbuzi," alisema. "Yanakula hata ambacho hakikupandwa kwa ajili yao." Akauzungusha utepe mkononi, akatoka nje, akauchoma mbele ya duka. Aliporudi alicheka, akamwambia mzee wa Kihindi, "Huyu mtamfunga siku moja, au mtamfanya bwana mkubwa." Tangu siku hiyo kila kitu kilichoharibika Muleba aliniita mimi.

Si kwamba hakutaka kujua mambo. Alitaka, tena sana. Nikifika kutoka Bukoba alinikalisha, akanimiminia chai, akataka habari zote: nani ameoa, nani amejenga mtaa wa Nshambya, yule padri aliyehamishwa alihamishwa kwa nini. Habari ya mdomo aliila kama karanga. Iliyoandikwa tu ndiyo hakuigusa. Niliwahi kumwambia kwamba sioni tofauti.

"Anayekuambia amechagua kukuambia," alijibu. "Karatasi haichagui."

Sababu niliipata kwa vipande, miaka mbalimbali. Wakati wa vita alikuwa karani msichana katika ofisi moja ndogo kaskazini ya mto. Askari wa Amin walipovuka mpaka, kila mtu alibeba alichoweza. Yeye alibeba furushi la barua na majalada kichwani, akatembea nalo siku mbili, kwa sababu hakuna aliyemwambia ayaache. Njiani, kwa hofu na kukosa la kufanya, alifungua barua moja akaisoma. Ilimtaja jirani yao kwamba anapeleka habari kwa askari.

"Nikamwambia mtu mmoja," alinieleza. "Mmoja tu. Naye akamwambia mwingine. Yule jirani hakulala tena kwake."

"Ilikuwa kweli, ile barua?"

"Sikuwahi kujua."

Sikuuliza tena, jambo ambalo kwangu ni gumu.

Vita hiyo ilimwachia pia kanuni nyingine: karatasi halisi za watu hazikai ofisini. Ofisi huungua, ofisi huvamiwa, ofisi hufungwa wafadhili wakiondoka. Kwa hiyo kompyuta zilipoletwa alizipokea kwa furaha ambayo hakuna aliyeitarajia. Zilikuwa tano, zimeunganishwa kwa nyaya nilizozitandaza mimi mwenyewe, na ya sita, seva, ilikaa peke yake kwenye chumba kilichokuwa stoo. Faili zote zilikaa kwenye seva, na kila mfanyakazi alizifikia kutoka mezani kwake. Mama Masjala aliiita seva kabati.

Karani wa kompyuta alikuwa Deo, kijana mpole aliyefundishwa Mwanza. Deo ndiye aliyekwenda kwa pikipiki kwenye nyumba za wagonjwa kuandika wosia. Mgonjwa alisema, Deo akaandika kwa mkono, mgonjwa akatia dole gumba, mashahidi wawili wakasaini bila kusomewa yaliyomo. Deo alirudi nayo ofisini, akaipitisha kwenye skana, picha ikaingia kwenye seva, na karatasi yenyewe ikarudishwa kwa mwenyewe akaifungie sandukuni. Jalada la wosia kwenye seva lilifunguliwa na Deo peke yake. Mama Masjala alipewa ruhusa ya kulifungua, akaikataa. "Humo mimi siingii," alisema. "Nisimamie mlango, inatosha."

Wosia ulikuwa jambo la kufa na kupona. Kwetu kibanja si shamba tu. Ni migomba na kahawa na nyumba katikati, na makaburi ya mababu humo humo, na ukoo hukihesabu kuwa chake hata mtu akiishi humo miaka arobaini. Mume akifa, ndugu zake humwambia mjane arudi kwa baba yake. Wengi walirudi na watoto mgongoni, wakiwa wagonjwa wenyewe.

Kisha Deo naye akafa.

Wiki tatu baada ya maziko nikapata ujumbe Bukoba, katika chumba changu cha Kagondo, kwamba Mama Masjala ananitaka siku hiyo hiyo. Nilifika Muleba Jumatano, saa saba mchana. Barazani, kwenye benchi, alikaa mwanamke mwembamba na furushi miguuni. Walimwita Ma Koku, mjane kutoka Buganguzi. Alinisalimia kwa sauti ya chini na kuendelea kutazama lango.

"Kuna nini, Mama?" nilimuuliza Mama Masjala.

"Kabati limegoma."

Akanieleza amesimama. Shemeji yake Ma Koku alikuwa ametoa vyombo vyake nje na kuvirundika uani. Wosia wa marehemu uliompa kibanja ulikuwa kwenye sanduku la bati, na sanduku lilifunguliwa wakati wa matanga, nyumba ikiwa imejaa watu. Karatasi haikuonekana tena. Kati ya mashahidi wawili, mmoja alikuwa amekufa, mwingine alikuwa shemeji mwenyewe, naye alisema hakumbuki kusaini kitu. Baraza la kata lingekaa kesho yake saa nne asubuhi. Ushahidi pekee uliobaki ulikuwa ile picha kwenye seva.

"Na seva inasemaje?"

"Inakataa kila mtu. Kila mtu. Wiki tatu sasa tunafanya kazi kwa kalamu."

Nilianza na nyaya, kwa kuwa nyaya ni zangu na nilitaka kujua kama kosa ni langu. Nyaya zilikuwa nzima. Kila kompyuta iliwaka, ikapokea neno la siri la mwenyewe, ikafunguka vizuri. Kila moja iliiona seva kwa jina. Lakini ukibofya kabati, lilitokea sanduku dogo kwenye kioo likidai neno la siri, na ukiliandika lile lile ulilofungulia kompyuta, lilidai tena. Na tena.

"Mlibadilisha kitu?" niliwauliza wafanyakazi.

Wakatazamana. Mhasibu akasema, "Tulibadilisha paswedi. Wote. Mama alituamuru siku ya pili baada ya kumzika Deo."

"Kwa nini?"

Mama Masjala alinijibu kama anayemjibu mjinga. "Mwenye funguo akifa, unabadilisha vitasa kabla waombolezaji hawajatawanyika. Nyumba ngapi umeziona zimefagiliwa wakati wa matanga? Deo alijua maneno yote ya ofisi hii. Sisemi alikuwa mbaya. Lakini alikuwa na ndugu."

"Alipokuwa hai mlikuwa mnabadilisha pia?"

"Kila baada ya miezi mitatu. Kila mtu mezani kwake. Deo akizunguka kukagua."

"Akimaliza kuzunguka alikwenda wapi?"

Walifikiri. Mhasibu akasema, "Aliingia stoo kidogo. Kisha akanywa chai."

Nilikaa chini. Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Neno la siri lilikaa sehemu mbili: kwenye kompyuta ya mtu, na kwenye seva. Ukibadilisha mezani kwako, seva haina habari. Bado inasubiri lile la zamani. Yasipofanana, haikujui. Deo alikuwa akiingia stoo kuyaandika upya maneno kwenye seva, kimya kimya, bila kumweleza mtu, maana alikuwa mtu wa kumaliza kazi bila kuitangaza. Kwa miaka yote ile waliona nusu moja ya kazi, wakadhani ndiyo nzima. Sasa walikuwa wamebadilisha kitasa cha mlango wa mbele, na kabati ndani likabaki na funguo zake za zamani.

"Basi waandike ya zamani," alisema Mama Masjala.

"Wao wanaweza. Lakini jalada la wosia ni la Deo peke yake, na neno lake la kwenye seva alikuwa nalo yeye."

Alitazama barazani, kwenye mgongo wa yule mwanamke. Nilimwona akihesabu kichwani makosa mawili: karatasi aliyoirudisha kwa mwenyewe, na vitasa alivyoamuru vibadilishwe. Yote mawili aliyafanya ili kuwalinda watu.

Palikuwa na njia. Wazungu walioleta seva waliacha kitabu kinene cha Kiingereza, na nilikuwa nimekisoma mwaka mzima kwa kamusi, ukurasa baada ya ukurasa, bila sababu yoyote ila kutaka kujua. Kitabu kilisema mashine ile inaweza kuwashwa upya kwa namna ambayo haiulizi neno la siri la mkubwa wake, mradi uko mbele yake, umeigusa kwa mkono. Ukishaingia hivyo, unaweza kumwandikia mtumiaji yeyote neno jipya. Unaweza pia kufungua kila kitu kilichomo.

"Kila kitu?" aliuliza.

"Kila kitu, Mama. Wosia, majibu ya vipimo, barua. Vyote."

"Na macho yako ya mbuzi."

"Kaa hapa unitazame."

Nikaizima seva ili niiwashe kwa njia hiyo, na kabla haijamaliza kuamka umeme ukakatika. Saa kumi jioni. Jenereta lilikuwa limekufa tangu mwezi uliopita, nami ndiye niliyekuwa nikingojewa kulitengeneza. Tulikaa stoo tukitazama kioo cheusi. Saa kumi na moja. Saa kumi na mbili. Ma Koku aliingia akasimama mlangoni.

"Nisipopata hiyo karatasi," alisema, "nitalala wapi kesho? Nauliza tu, waitu, ili nijue nifunge mzigo namna gani."

"Utaipata," Mama Masjala alisema.

"Usiniambie kama hujui."

Mama Masjala akamchukua kwenda kulala kwake.

Umeme ulirudi saa moja na nusu asubuhi. Tulikuwa tumeshafika wote. Niliiwasha seva kwa ile njia ya kitabu, polepole, herufi kwa herufi, maana ukikosea herufi moja pale unaanza upya, na kila kuanza upya ni robo saa. Nilikosea mara moja. Mara ya pili ikakubali. Mistari ikashuka kwenye kioo, kisha ikatulia, ikingoja amri.

Jina la Deo lilikuwepo bado kwenye orodha. Nikaandika amri ya kumpa neno jipya, nikasogea.

"Andika wewe, Mama. Neno lolote. Mara mbili."

"Kwa jina la marehemu?"

"Hana mwingine wa kumwandikia."

Niligeukia ukutani. Nilisikia kibodi ikigongwa polepole, kwa kidole kimoja. Kisha tukaenda kwenye kompyuta ya Deo, akaandika neno hilo hilo na hapo, na maneno mawili yakafanana. Nilibofya kabati. Lilifunguka bila kuuliza.

Jalada la wosia lilikuwa na namba, si majina. Mama Masjala alinitajia namba ya Ma Koku kutoka kichwani. Miwani ilikuwa mkobani. Alisimama nyuma yangu, akasema, "Chapa. Usisome."

Ilikuwa saa mbili na dakika arobaini. Printa ya ofisi ilichapa picha mstari kwa mstari, kama mtu anayesuka mkeka, na ukurasa ulitokea kwangu ukiwa umesimama vizuri, mwandiko safi wa Deo, mkubwa na wa wazi. Ningeweza kufumba macho. Sikufumba. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa mipaka ya kibanja. Wa pili ulianza hivi:

"Ugonjwa huu niliupata mimi katika safari zangu nikauleta nyumbani. Mke wangu nimemwambukiza mimi. Amepimwa, naye anao. Asije mtu akasema yeye ndiye aliyeniua."

Nilielewa mara moja kwa nini mume aliyasema. Ndugu wengi walimfukuza mjane kwa kisingizio hicho hicho, kwamba yeye ndiye aliyeleta kifo. Alitaka kumsafisha. Nilielewa pia kwamba Buganguzi hakuna aliyejua kuwa Ma Koku ni mgonjwa. Alikuwa akikaanga vitumbua siku za gulio, na watu walivila.

Ningeweza kusema: Mama, kuna mstari humu, muulize kwanza mwenyewe. Lakini kwa kusema ningekiri kwamba nimesoma. Nilikuwa nimekatazwa. Nilizipanga kurasa kifudifudi, kama alivyopenda, nikampa. Dereva alikuwa ameshawasha gari.

Baraza lilikaa kwenye chumba cha ofisi ya kata, na watu waliokosa nafasi walisimama madirishani. Shemeji alikuwa amevaa koti. Mwenyekiti alizigeuza kurasa mbili mkononi.

"Hii ni picha," alisema.

"Ni picha ya karatasi yenye dole la marehemu," Mama Masjala alijibu.

Shemeji akasimama. "Waheshimiwa, kompyuta huandika chochote unachokitaka. Huyu mama na fundi wake wamekaa nayo tangu jana. Tutajuaje hawakutunga?"

Madirishani watu waliguna. Mwenyekiti akamtazama Mama Masjala, naye akasimama wima. Nilijua atakachosema kabla hajakisema.

"Isomwe," alisema. "Yote, neno kwa neno, kwa sauti. Mliomjua marehemu mtajua kama ni yeye anayesema."

Ma Koku alikubali kwa kichwa. Hakujua kusoma. Siku wosia ulipoandikwa alikuwa jikoni, na mumewe hakumwambia.

Mwenyekiti alisoma mipaka. Wazee waliitikia: ndiyo, mtaro ule, ndiyo, kaburi lile. Kisha akageuza. Alisoma mstari wa kwanza wa ukurasa wa pili, na sauti yake ikapungua katikati, lakini alikuwa ameambiwa neno kwa neno, akaumaliza. Ma Koku alivuta kanga akafunika uso wote. Shemeji alikaa chini polepole na hakusimama tena, kwa kuwa hakuna mtu angetunga maneno kama yale.

Kibanja alipewa. Haikuchukua robo saa. Alipotoka watu walimpisha, na walimpisha kwa upana kuliko mlango ulivyohitaji. Mama Masjala alimfuata akamshika mkono. Ma Koku aliutoa mkono wake.

"Ulijua?" aliuliza.

"Sikusoma."

"Miaka yote hii mmekaa nayo. Hata mmoja wenu hakusoma?"

Alikwenda zake kwa miguu, na furushi lake kichwani, kwenye nyumba ambayo sasa ilikuwa yake. Gulio lililofuata alirudi na beseni la vitumbua limejaa kama alivyokwenda nalo.

Kwenye gari Mama Masjala alisema neno moja tu: "Deo angenikanya." Mimi nilitazama barabara.

Mchana ule tulimalizia kazi. Kila mfanyakazi aliingia stoo kwa zamu, akaandika neno lake kwenye seva, Mama Masjala amesimama akiwapa mgongo. Niliwaandikia maelezo ukutani kwa kalamu nene: ukibadilisha mezani, badilisha na hapa. Watu walitania wakitoka, mmoja akasema ni kama kwenda kuungama. Yeye hakucheka.

Hakuacha kazi. Aliendelea miaka kadhaa, na karatasi ziliendelea kulala kifudifudi. Lakini tangu hapo hakuna karatasi iliyotoka kwenda barazani kabla hajamwita mwenyewe, akamkalisha, akafunga mlango. Kama mtu hajui kusoma, alivaa miwani, akamsomea kwa kunong'ona, akamuuliza kuna neno lipi humo asilotaka lisikike. Niliona mara moja kwa dirisha. Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa miguu, akijaribu kila jiwe.

Habari za mdomo pia alipunguza. Nikifika alinimiminia chai, akaniuliza ya kwangu tu.

Mara ya mwisho kumwona, dawa zilikuwa zimeshafika kwenye vituo vya afya, na watu tuliokwisha kuwazika moyoni walikuwa wananenepa. Mimi nilikuwa nimehamia kwenye sola. Niliitwa Buganguzi kufunga mtambo kwenye nyumba moja, na nilipofika nikatambua ni kwa Ma Koku. Pale njia inapoingia kibanjani, upande wa nje wa mpaka, Mama Masjala alikuwa ameketi kwenye nyasi, miguu ameinyoosha, mwavuli pembeni.

"Mpola, Mama," nilimsalimia kwa lugha ya kwetu. "Unafanya nini hapa?"

"Nimekuja kusalimia."

"Mbona uko nje?"

"Nasalimia kutoka hapa. Anajua nipo. Saa nane naondoka."

Alikuwa amestaafu, akiishi Nshambya kwa binti yake, na kila mwezi alipanda basi, akakaa pale, akarudi. Niliketi karibu naye. Nilikuwa nimelibeba jambo lile muda mrefu.

"Mama, siku ile niliisoma."

"Najua. Ukurasa wa pili ulipotoka uliacha kupumua."

"Kwa nini hukuniuliza?"

Alipangusa nyasi kwenye sketi. "Ningekuuliza, ningekuwa nakubali kwamba kazi yangu ilihitaji mtu wa kusoma. Na wewe, kwa nini hukusema?"

"Ulinikataza kusoma."

"Basi tulikuwa watu wawili watiifu," alisema, "na aliyebeba ni yeye."

Ma Koku alikuja akipita katikati ya migomba, amejaa mwili, ameshika kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile anayopewa mgeni. Alisimama hatua moja kutoka kwetu, akaninyooshea mimi. Nilichukua.

"Fundi, karibu. Vifaa viko ndani." Kisha, bila kugeuza shingo, "Mwambie huyo uliyekaa naye mvua inakuja."

Walikuwa wametengana kwa urefu wa mkono. Hata hivyo nilisema, "Mama, anasema mvua inakuja."

"Mwambie nimeiona."

"Anasema ameiona."

"Mwambie nyumba ni ile ile. Aliisimamia barazani, leo hajui mlango uko wapi?"

Mama Masjala alianza kuinuka. Magoti yalimsumbua, nikamshika kiwiko. Alipokwisha kusimama hakuvuka.

"Mwambie," alisema, akiuegemea mwavuli. "Mwambie kuna jambo nilipaswa kumuuliza kabla ya lile baraza, na bado sijamuuliza."

Ma Koku aligeuka. Alimtazama usoni.

"Sasa fundi wa nini hapa?" alisema. "Niulize mwenyewe."

Nilichukua mkoba wangu nikatangulia. Nilipofika kwenye kona ya nyumba niliisikia sauti ya Mama Masjala ikiuliza, na jibu lilikuwa fupi mno kunifikia. Matone ya kwanza yalianza kupiga majani ya migomba, na nyuma yangu nikasikia nyayo za watu wawili zikija.